Kaseti ya Miza binti Usi

Maghorofa yote ya Michenzani, ukiyahesabu kutoka jumba la mwanzo mpaka la mwisho, hayakuwa na mtu mwenye masikio makali kama Bi Mwatima. Alikuwa akijisifu mwenyewe kwamba akikaa kwenye roshani yake huko juu, huisikia sukari inavyoyeyuka ndani ya chai ya jirani wa chini. Akishamaliza kujisifu huinama mbele, akakukodolea macho mdomoni, akauliza: "Eti, ulikuwa unasemaje?"

Watu wakicheka. Walikwishamzoea kwa mizaha, na mwenye mizaha mingi hupata raha moja kubwa: hakuna anayejua lini anasema kweli. Alijua Thuwaiba peke yake, shoga yake wa mlango wa pili. Thuwaiba ndiye aliyempeleka hospitali, akamwona daktari anamchungulia kwa kitaa chake, sikio hili na sikio lile, kisha anasema la kulia limekwisha na la kushoto linakwenda, na dawa hakuna.

"Si tabu, daktari," Bi Mwatima alimjibu. "Nshasikia ya kutosha. Na mengi yalikuwa uwongo."

Wakarudi nyumbani wanacheka. Kicheko cha Thuwaiba kiliishia Darajani.

Basi hali ndiyo hiyo, mwanzoni mwa mwaka 2008, asubuhi aliyokuja Majid. Mabibi wawili wamekaa mlangoni, ungo wa mchele katikati yao, wanatoa mawe. Akatokea kwenye ngazi mwanamme wa makamo, kavaa miwani, mkoba begani, anahema.

"Hodi hapa!"

"Karibu," alisema Bi Mwatima. "Kama unauza, hatununui. Kama unaposa, mkubwa ni mimi. Huyu mwenzangu asubiri zamu."

"Shikamooni, mabibi."

"Marahaba. Hebu kaa kwanza, usije ukatufia hapa tukaambiwa tumekuroga."

Majid akakaa kwenye ngazi. Alikuwa mtu wa maktaba ya chuo kikuu, na aliyekuwa akimtafuta ni Thuwaiba. Alisema miaka ile ya themanini kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, sasa marehemu, akizunguka majumbani na redio kaseti yake, akiwatia kwenye kaseti wanawake wanaohadithia hadithi. Kaseti zile zimekaa maktaba kwenye maboksi, joto lao, unyevu wao. Sasa wanazihamishia kwenye komputa. Mtu akiwa hapa, au akiwa Maskati, au London, aandike jina tu, sauti imtokee. Lakini kwanza lazima mwenye sauti aulizwe kama yu radhi.

"Wewe Bi Thuwaiba ulihadithia Malindi, nyumba waliyokuwa wakikaa wanawake wanaodarizi kofia. Mwaka 1988. Unakumbuka?"

"Nnakumbuka," alisema Thuwaiba. "Nilihadithia vibaya, nilikuwa na mafua. Futa."

Bi Mwatima hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya mchele.

Nyumba ile ya Malindi aliijua. Mwanawe Basma alikuwa mmoja wa wale wanawake wa kofia. Alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, na mumewe, Zahran, alikuwa mtu wa ibada na wivu mwingi, asiyetaka sauti ya mkewe ivuke kizingiti. Siku moja Basma alipita kwa mama yake, akamvutia jikoni, akamnong'oneza huku anacheka kiganja mdomoni: "Mama, leo nimetiwa kwenye kaseti. Wallahi usimwambie Zahran." Bi Mwatima hakumwambia. Mwaka wa pili yake Basma alifariki kitandani kwa uzazi, yeye na kitoto chake, na Zahran akahamia Maskati akaoa huko. Siri ikabaki haina wa kufichwa.

Picha ya harusi ilikuwepo ukutani. Lakini picha haikohoi, haiiti "Mama" kutoka chini ya ngazi.

"We baba," alisema Bi Mwatima, "kila aliyetiwa kwenye kaseti yumo?"

"Wote wamo, Bibi. Ila kama kaseti imeoza."

"Basi nitafutie Basma binti Hamed."

Majid akaandika jina. Thuwaiba alimtazama shoga yake kwenye sikio la kushoto, akafungua mdomo, na Bi Mwatima akamfinya paja. Aliogopa kitu kimoja tu. Aliogopa kwamba wakijua, watasema: sauti ya marehemu ina watu wengi wa kuisikiliza, kwa nini tumhangaikie kiziwi?

*

Maktaba yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba kongwe upande wa Kiponda, ngazi zake za mbao zimelika katikati kama sabuni. Mabibi walikwenda wameshikana mikono. Majid akawakalisha mbele ya komputa, akamvisha Bi Mwatima vile vikombe viwili vya masikioni vyenye waya.

"Sasa nnamwandika," alisema. "Yupo Basma mmoja."

Bi Mwatima akakikandamiza kikombe cha kushoto. Mbali kabisa, kama mtu anayesema upande wa pili wa ukuta wa mawe, alisikia mwanamke. Akafumba macho. Yule mwanamke alikuwa anasema Kimakunduchi, anaeleza namna ya kumtoa pweza kwenye tundu lake. Alieleza kwa urefu. Bi Mwatima alimsikiliza mpaka akamaliza, kwa adabu, maana si kosa la mwanamke wa watu kuitwa Basma.

"Huyu si wangu," alisema anavua vikombe. "Wangu pweza akimjua ndani ya sahani tu."

Majid akacheka, Thuwaiba akacheka. Aliposhuka ngazi Bi Mwatima alikaa kwenye kidato cha mwisho, akasema kiatu kinambana. Alikaa na kiatu chake muda, Thuwaiba amesimama mlangoni anatazama njia ili asimtazame yeye.

Safari ya pili Majid alimweleza tabu iko wapi. Komputa haijui kitu isipokuwa alichoandika marehemu mwalimu juu ya ganda la kaseti: jina na mwaka. Na wanawake wale kila mmoja alijitaja alivyotaka. Huyu kajiita Mama Fulani, yule kataja jina la kuchezea, mwengine kasema andika tu "mtoto wa Malindi". Wako wajukuu wamekuja kuwatafuta bibi zao wakarudi mikono mitupu, na bibi zao wamo humo humo ndani.

"Basi zipige zote, tusikilize," alisema Bi Mwatima.

"Hazipigiki hivyo, Bibi. Utepe umeshikana kwa unyevu. Tunausafisha, tunaukausha, kisha tunaupiga mara moja tu, moja kwa moja kwenye komputa. Ukipigwa mara ya pili unakatika. Na mashine ya kupigia tunayo moja." Majid akavua miwani akaifuta kwa shati. "Lakini nimewaomba wakubwa wangu wanikubalie kitu. Kila kaseti ninayoihamisha naisikiliza mwenyewe mpaka mwisho, naandika ndani mna nini. Hadithi ya nani, imesimuliwa nyumba gani, wimbo gani, mnyama gani. Mtu asiyejua jina aulize kwa kitu anachokikumbuka. Sasa niambie, Basma alikuwa akihadithia nini?"

Swali hili Bi Mwatima hakupata kuulizwa tangu mwanawe azikwe. Watu humuuliza mfiwa maiti wake alikufa kwa nini.

"Hadithi ya paka wa Mangapwani aliyekwenda kuposa," alisema. "Hiyo huipati kwa mwengine. Dunia nzima tunayo sisi tu, nimeitunga mwenyewe. Basi, nusu. Nusu niliiiba kwa mama yangu. Na nusu iliyo yangu ndiyo mbaya."

"Inakwendaje?"

"Paka kakaa pangoni Mangapwani, kachoka na ukapera. Akaazima kanzu, akaazima kofia, akaenda kuposa kwa tajiri kajifanya bwana mkubwa. Hakuna aliyemjua. Anakohoa kama bwana, anaomba udhuru kama bwana. Ikaletwa karamu ya samaki. Wakala, wakamaliza. Tajiri akatupa jicho mkekani: kila mgeni kwenye sahani yake pana rundo la miba, ya bwana harusi nyeupe, hata mwiba mmoja hamna." Akainua kidole. "Basma alikuwa na kikohozi chake cha yule paka. Kh-kh. Kikohozi cha mtu aliyemeza mwiba na anataka mke. Mimi sikuwahi kukiweza."

Majid alikuwa anaandika. "Paka, posa, miba, Mangapwani," alisema polepole, "kikohozi."

"Na kikohozi unakitia?"

"Nnakitia."

Tangu siku ile Bi Mwatima alimpenda kama mtoto wa nduguye.

Akawa anakwenda maktaba kila akipata nguvu ya miguu. Majid akimwandikia paka, komputa ikijibu hakuna. Bado hajaifikia kaseti yenyewe. Siku nyengine paka alitokea, lakini wa Jambiani, na alikuwa mwizi wa maziwa. "Huyu hakuposa mtu," Bi Mwatima alisema, "mtoe." Kila safari alijaribu sikio. Akipita sokoni Darajani alijinyamazia kwa makusudi, apime: wauza ndizi bado wapo? Wapo. Mwadhini? Yupo, lakini kama yuko mbali huko Mbweni. Alikuwa na mashindano ambayo mwenzake hakuyajua. Majid alikuwa anakimbia na utepe, yeye anakimbia na mshipa wa sikio, na Majid alikuwa mtu wa polepole, mwenye kufuta miwani.

"Mwambie," Thuwaiba akimsihi. "Akijua ataitanguliza yako."

"Ataitanguliza vipi na haijui ipi? Tena akijua atanihurumia. Mtu akikuhurumia huanza kupaza sauti, na mimi sitaki kupigiwa kelele na watu niliowazidi umri."

Mwezi wa Mei umeme ukakatika kisiwa kizima. Waya unaoleta umeme kutoka bara umeharibika, wakaambiwa, na utengenezaji wake si wa leo wala kesho. Maji yakawa hayapandi ghorofani. Watu wakashusha ndoo, wakapandisha ndoo. Maktaba ikafunga mashine zake, na kaseti zilizosafishwa zikarudi kwenye boksi kungojea.

Asubuhi moja mabibi walitoka kutafuta samaki, maana wa jana hakai bila ya barafu. Walipofika Darajani Thuwaiba akakunja uso, akaziba masikio kwa ncha za mtandio. Akasema kitu. Bi Mwatima akatazama. Mbele ya kila duka pana jenereta, limewekwa juu ya matofali, linatoa moshi, linatikisika mpaka vumbi la chini linacheza. Wenye maduka walikuwa wanasemezana mdomo kwa sikio. Mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake alikuwa analia, kinywa wazi, uso mwekundu.

Bi Mwatima alisimama katikati ya njia na kikapu chake. Kulikuwa kimya. Kimya safi, kama ndani ya msikiti baada ya sala.

Alimgeukia Thuwaiba. "Shoga," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuisikia, aliihisi kooni tu. "Haya majenereta yanapiga kelele?"

Thuwaiba akamshika mkono, akamrudisha nyumbani. Samaki hawakununua.

*

Umeme uliporudi Juni, Michenzani nzima ilishangilia. Bi Mwatima aliona taa inawaka na watu wanaruka. Katika wiki zile alijifunza kazi mpya. Alijifunza kusoma midomo, kukisia yaliyobaki, na kujibu kwa mzaha alipokosa kabisa, kwa kuwa mzaha hujibu karibu kila swali. Majirani hawakugundua kitu. Walisema tu kwamba Bi Mwatima siku hizi anapenda kukutazama usoni.

Siku chache baadaye Majid akatokea kwenye ngazi, anahema kama siku ya kwanza, lakini meno yote nje. Alisema maneno mengi kwa haraka, mdomo wake haukamatiki. Bi Mwatima akatazama kwa Thuwaiba. Thuwaiba alikuwa amejishika kifua. Kisha akaanza kurudia kila neno la Majid, taratibu, mdomo wazi kabisa, uso ameuelekeza kwa shoga yake, kama mtu aliyepagawa na mshangao.

"Umempata! Basma! Umempata kwa yule paka! Jina si lake! Kajiita jina la mtu mwengine! Kajiita... Miza binti Usi!"

Majid alimtazama mama huyu anayerudia kama kasuku, akaendelea. Alisema Miza binti Usi walimtafuta mitaa yote ili wamwombe ridhaa yake, wakaambiwa alifariki zamani sana, kabla hata ya kaseti kufika Unguja. Wakadhani wamekosea. Wakaiweka kaseti yake mwisho kabisa ya foleni, maana maiti hana haraka.

"Maiti hana haraka!" alirudia Thuwaiba, machozi yanamtoka.

Bi Mwatima alikuwa amelishika lile jina tu. Miza binti Usi alikuwa mama yake. Mwenye ile nusu nzuri ya hadithi. Basma hakumwona hata siku moja. Alimjua kwa hadithi zake. Mwalimu alipouliza jina, mtoto yule hakuthubutu kutaja lake, Zahran asije akasikia, na katika majina yote ya duniani akaitafutia hadithi mwenyewe wa haki, mtu ambaye hakuna mume wa kumgombeza tena.

"Mwizi mkubwa we," alisema Bi Mwatima, akaiambia picha ya ukutani. "Mama yako kaiiba, wewe umeirudisha."

Thuwaiba alimvuta ndani wakati mwenzake anatafuta buibui. Alimshika mashavu mawili, akasema kwa mdomo bila ya sauti: "Tumwambie. Twende tukamwambie kweli."

"Hapana. Hapo nyuma pia nilikuwa na sikio lililoziba, na nikasikia. Labda vile vikombe vyake vina nguvu." Na alipokuwa akisema hivi alikuwa anaamini, au nusu yake ilikuwa inaamini.

Njia yote mpaka Kiponda alijaribu. Alikohoa, akagonga ukuta kwa pete, akakanyaga kwa nguvu zile ngazi zilizolika. Hakuna kitu.

Majid alikuwa amemwekea kiti chenye mto. Kwenye kioo cha komputa aliandika *paka* na *posa*, na safari hii kulitokea ukurasa. Bi Mwatima alisoma skuli mpaka darasa la nne, akausoma kwa kidole, herufi kwa herufi. *Basma binti Hamed, ajulikanaye kwenye kaseti kwa jina la Miza binti Usi.* Chini yake: *paka, posa, miba ya samaki, Mangapwani, kofia, kikohozi.*

Kikohozi alikitia kweli.

Majid akamvisha vikombe. Akasema kitu, akatabasamu, akainama chini ya meza. Kwenye kioo palikuwa na picha ya milima midogo ya kijani, inapanda na kushuka, na Bi Mwatima akafahamu kuwa hiyo ndiyo sauti. Thuwaiba alikuwa amegeukia dirishani. Basi imeanza, alijisemea. Akakikandamiza kikombe cha kushoto mpaka sikio likauma, akafumba macho.

Kimya.

Akaitafuta kichwani mwake, isaidie. Alijua hadithi neno kwa neno. Alimwona paka na kanzu yake ya kuazima. Lakini maneno yote yalimjia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya kizee, sauti aliyojihadithia nayo miaka yote hii, na chini ya sauti hiyo hapakuwa na nyengine. Hata kile kikohozi. Alikisukuma, akakivuta, kikaja kikohozi chake mwenyewe.

Alifikiri aseme. Maneno yalikuwa mawili tu, *sisikii kitu*, na alikuwa nayo ulimini. Lakini alimfikiria Majid na utepe wake, na kichwa chake kimeinama juu ya mashine, akiwasikiliza wanawake wa watu mpaka mwisho. Na alifikiri kwamba akishayasema hayo maneno mawili, basi Basma atazikwa tena, na safari hii atakayemfukia ni yeye.

Machozi yalikuwa yanatoka yenyewe, hayo hayakuwa ya uwongo. Akatabasamu juu yake.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo mwanangu, wallahi. Lo, sauti ile ile! Msikilize anavyovuta maneno, ndivyo alivyokuwa. Sasa paka anavaa kanzu..." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, mkono hewani kama anayefuata wimbo. "Sasa anaingia. Anasalimia. Subirini, subirini... haya! Kh-kh! Mmemsikia? Kikohozi chake hicho! Nilikwambia, Majid, mimi siwezi, yeye tu ndiye..."

Akafumbua macho amshukuru.

Thuwaiba alikuwa amegeuka kutoka dirishani, mtandio mdomoni. Majid alikuwa bado amepiga magoti kando ya meza, miwani imemshuka puani, anamtazama. Na mkononi mwake, juu kabisa ambapo kila mtu angeweza kuiona, ilikuwepo ncha ya ule waya wa masikioni, ambayo hajaichomeka popote.